Chumba Chini ya Ngazi

Dari langu limelala mshazari.
Upande mmoja nasimama, upande wa pili napiga magoti
kama mtu anayeomba radhi kwa sanduku lake la nguo.
Ndivyo ngazi ilivyojengwa; nikapewa kilichobaki chini yake,
bila kodi, alisema Bwana Gathungu, bila kodi kabisa,
akanikabidhi funguo arobaini na mbili kwenye waya mmoja.

Sikujua siku hiyo kwamba kodi ni usingizi.

Mwaka wa tisa huu Zimmerman,
jengo zima linapita juu ya kitanda changu.
Nawajua kwa nyayo kabla ya majina.
Chelagat, muuguzi, hushuka saa kumi na moja alfajiri, viatu mkononi.
Hirbo wa ghorofa ya tano huiruka ngazi ya mwisho,
hasa akiwa na deni.
Mama Nyakerario hutua kila kona, hupumua, huhesabu watoto.
Kijana wa 4C hupanda na mtu, hushuka peke yake;
siulizi.

Wakitaka kitu huniita meneja.
Meneja, fyuzi. Meneja, maji.
Meneja, ufunguo umedondoka chooni.
Meneja, jirani anakaanga omena usiku wa manane.
Maji tena.

Tarehe tano nageuka mtu mwingine:
nabeba kufuli za mwenye jengo kwenye mfuko wa unga,
nagonga mimi sasa, na wao ndio wanaonyamaza,
televisheni ikizimwa ghafla, mtoto akizibwa mdomo.
Nasimama pale nikijua wapo.
Wanasimama pale wakijua najua.
Kesho yake twakutana kwenye bomba:
habari, nzuri, maji yapo?

Agosti, Syombua alikuja kutoka Mwingi
na kilo nne za ndengu na kuku aliyefungwa miguu.
Alitazama dari, akacheka, akagonga kichwa, akaacha kucheka.
"Hii ni nyumba, au ni tundu la ufunguo?"
Usiku wa kwanza alihesabu hodi: saba.
Wa pili: kumi na moja, moja ya mlevi aliyekosea jengo.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hapa hatuna jembe wala pa kulimia,
basi ya tatu alishika mlango.

Ilikuwa saa nane na robo. Hodi, meneja!
Nilikuwa nimeshaingiza mguu mmoja kwenye suruali.
Akanisukuma kifuani, taratibu, akajifunga leso,
akafungua kiasi cha jicho moja.
"Meneja hayupo."
"Lakini mama, namwona pale kitandani..."
"Huyo ni mume wangu. Meneja ametoka. Jaribu asubuhi."

Akafunga.
Tukasikia nyayo zikisita, kisha zikipanda,
ndara za 2A, ya kushoto imekatika.
Nikangoja dunia ianguke.
Tangi halikupasuka. Jengo lilisimama juu yetu
kama siku zote, zito, likikohoa kwenye mabomba.
Nikalala. Nasema nililala,
suruali mguu mmoja,
hadi nikaamshwa na harufu ya ndengu.

Amerudi sasa; mbuzi hawajichungi.
Aliniachia kifuko cha funguo, kipande cha leso ile ile,
zisipige kelele nikitembea.
Maandishi yamekatwa katikati, zimebaki herufi nne: SUBI.
Sijui zilikuwa subira au subiri.
Sijampigia simu kumuuliza.

Juzi, saa nane tena, mtu akagonga.
Niliketi ukingoni mwa kitanda, kichwa nimekiinamishia dari.
Nikavaa mguu mmoja.
Nikapumua.
Hodi ikarudi.
Nikatafuta wa pili gizani, sikuwa na haraka.